Imeili ya simu ya mama fungua wewe, usimwachie kijana wa dukani

USIMWACHIE. Kama ushamwachia, kaichukue simu sasa hivi, haya mengine utayasoma kwenye gari.

Nanukuu swali lako kwa ufupi, maana watu wanajibu bila kulisoma: umemnunulia mama yako wa Mkoani, Pemba, simu yake ya kwanza ya tachi, miaka yote alikuwa na kitochi. Unauliza umuanzie wapi kumfunza, Android ni nini hasa, mbona simu yake haifanani na yako na zote zinaitwa Android, RAM (kumbukumbu ya simu ya kufanyia kazi) ya GB 2 itamtosha, aweke antivirusi au asiweke, memori kadi je. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, umeandika: "kijana wa dukani kasema nimwachie simu hadi jioni, kwa elfu tano atamfungulia imeili, WhatsApp na kila kitu, nikija naikuta iko tayari."

Wenzangu hapo juu wamegombana kuhusu RAM mpaka mmoja kamtukania mwenzake simu yake. Hakuna aliyeiona hiyo sentensi ya mwisho. Mie nimeiona hiyo tu, na moyo umenipiga paa.

Hiyo "iko tayari" nishaambiwa na mie.

Mie mshoni, niko Chake Chake, hukuhuku Pemba. Nilikuwa nimekwenda Unguja kufuata vitambaa Darajani, na kwa kuwa kitochi changu kilikuwa kishachoka, nikasema nichukue na simu ya maana nipige picha kazi zangu. Duka silitaji, mwenyewe ana watoto. Kijana mzuri, ana adabu, "Bi mkubwa kaa kwenye kiti, upate na soda." Kaitoa simu kwenye boksi, kaiwasha, vidole vinakwenda mbio: kubali, kubali, endelea, kubali, ruka, kubali. Nikamuuliza, "Hapo unakubali nini mwanangu?" Akanambia, "Hivyo vya Google tu Bi mkubwa, wewe havikuhusu." Mie mtu mzima nina charahani tatu na wanafunzi, nikaambiwa vya kwenye simu yangu havinihusu, na nikashukuru! Nikampa na hela ya soda. Mcheke tu, mie nishacheka mpaka nimekoma.

Sasa sikiliza alichokifanya. Hakunifungulia imeili. Kaniingiza kwenye imeili aliyokuwa nayo, moja, anayowawekea wateja wote. Kufungua mpya kunachukua muda, kunataka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Yeye anauza simu kutwa, hana muda huo. Anaandika ileile, nenosiri lilelile, mteja mwengine njoo.

Dalili nilizipata mapema na sikuzijua. Kwenye majina ya simu yangu wakawa wamo watu nisiowajua: Fundi Paa, Mama Nassra Kuku, Hassan Mchanga, Dereva wa Makunduchi. Nikadhani simu zinakuja na majina ndani, wallahi. Siku moja nimempigia Mama Nassra Kuku kumuuliza ni nani, akanambia kuku wameisha. YouTube ikawa inaniletea mieleka na injini za boti. Bando la wiki haliniishii wiki, na mie sitazami kitu. Simu inanambia nafasi imejaa, na picha zangu zenyewe hazikuwa nyingi. Leo najua: kila akaunti ya Google inapewa GB 15 za bure, na hizo ni kwa barua pepe, Drive (ghala la mafaili) na picha kwa pamoja. Zangu zilikuwa zinaliwa na video za watu sijui wangapi.

Hayo yote madogo.

Mie wateja wangu ni wanawake. Mteja akija kujaribu nguo, nampiga picha mbele na nyuma nione inakaaje begani, wapi nipunguze. Yuko ndani kwangu, mlango umefungwa, kichwa wazi, mwengine mikono wazi, gauni la harusi halijatiwa mikono bado. Wananiamini. Nawaambia picha hii haitoki kwenye simu yangu, nami nasema kweli, kwa nilivyojua.

Kumi la mwisho la Ramadhani, nguo za sikukuu zimejaa hadi mlangoni, ikaita namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamme mtu mzima, mpole. Kanisalimu vizuri, akasema: "Dada yangu, samahani sana. Mimi niko Unguja, hatujuani. Kwenye simu yangu zinaingia picha za wanawake wanajaribu nguo. Nimeona moja ya ubao wa bei una namba yako chini. Nimeacha kuzitazama. Nimeona nikwambie."

Nilikaa chini palepale, na sindano mkononi.

Yule naye kanunua simu duka lilelile. Akaunti ileile. Kile kijana alichokuwa anakikubalikubali, kimoja ni kuhifadhi nakala za picha, tena na kwa bando. Kila nikipiga picha inapanda kwenye akaunti, na kila simu iliyomo kwenye akaunti hiyo, ukifungua Picha kwenye Google, unaziona. Mungu kamleta mstaarabu ndiye aliyenipigia. Sijui kabla yake ziliingia kwa nani, na hilo silifikirii usiku maana sitolala.

Haya, hapo bado sijafanya kosa kubwa. Kosa kubwa nililifanya baada ya hiyo simu, na ndilo lililonikalisha hapa kukuandikia wewe mtu nisiyekujua. Nilitoka mbio na simu kwa fundi, nikamwambia: futa kila kitu, sasa hivi, sitaki kibaki hata kimoja. Fundi hakuniuliza kwa nini. Kazima simu, kabana kitufe cha kuwashia na cha sauti, maandishi madogo yakatoka, kachagua kufuta, simu ikazima ikawaka upya. Nikashusha pumzi.

Kumbe nimefuta simu. Picha hazikuwa kwenye simu tu, zilikuwa kwenye akaunti, na akaunti haikuguswa hata unywele. Yule bwana wa Unguja bado anazo. Mie sasa ndiye nisiyeweza kuzifikia kuzifuta, maana nilipokuwa na simu ile imewaka nilikuwa bado nimo ndani ya akaunti: ningeweza kufungua Picha, nikazichagua, nikazifuta, nikaingia na kwenye tupio nikalimwaga, maana picha iliyohifadhiwa ukiifuta inakaa kwenye tupio siku 60 kabla haijaondoka kweli. Ningeweza kuzima hifadhi. Ningeweza kunakili vipimo vya wateja, ambavyo, ndiyo, nilikuwa naviandika kwenye daftari la humohumo kwenye simu, lile ambalo halipandi popote. Kiuno cha nani, bega la nani, urefu wa nani, na nguo za watu zimekatwa nusu. Vyote nimevifuta kwa hela yangu.

Na simu yenyewe sikuipata. Ilipowaka ikasema karibu, chagua lugha, weka Wi-Fi, halafu: kifaa hiki kimefutwa, ingia kwa akaunti iliyokuwemo mwanzo. Akaunti gani? Haitajwi. Fundi akanitazama macho ya kutafuta mwizi. "Bi mkubwa, simu hii umeipata wapi?" Mie! Wanaume wawili kwenye benchi wakanyamaza kimya kunisikiliza nitajibu nini. Mmoja mumewe ni mteja wangu, yaani mkewe, mnanielewa, bado nikiandika hapa natetemeka.

Hiyo ndiyo mafundi wanaita FRP. Imo kwenye Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na sababu yake nzuri kabisa: mwizi akikuibia simu akaifuta kwa vitufe, simu inamdai akaunti ya mwenyewe, asipokuwa nayo anabaki na kioo. Inafanya kazi vizuri sana. Mie ni shahidi. Imenizuia mie mwenye simu, mwenye risiti, mwenye boksi, kwa sababu kwa upande wa simu mwenyewe si mie, mwenyewe ni kijana wa soda.

Nikapiga dukani. Ndugu yangu, nimejibiwa hivi, neno kwa neno: "Sisi tunauza simu, hatuuzi imeili." Kijana kaacha kazi, namba yake hawana. Hela yangu wanayo, namba yake hawana! Nikamtafuta kwa ndugu wa ndugu mpaka tukampata yuko Fuoni kwa shangazi yake, kafungua kibanda chake mwenyewe, anauza simu, na anafungulia watu imeili. Nenosiri unajua lilikuwa nini? Jina la lile duka na 1234. Simu zote hizo, picha za watu, majina ya watu, jina la duka na 1234. Nikamuuliza huoni aibu, akanambia, "Bi mkubwa, mbona wote wanatumia hiyohiyo na hakuna anayelalamika?"

Hawalalamiki kwa kuwa hawajui, mwanangu. Wanampigia Mama Nassra Kuku.

Yule bwana wa Unguja, Mungu ampe kheri, nilimuomba asizifute yeye, ampe simu mkewe. Mkewe kanipigia, tumekaa kwenye simu muda mrefu, kafuta moja moja ananitajia rangi ya gauni, kisha kamwaga tupio. Tumekuwa mashoga, nishamshonea. Simu ilifunguka kwa lile nenosiri la aibu. Vipimo havikurudi. Sikukuu ile niliipitisha na kitochi na futi shingoni, nawaita watu upya mmoja mmoja, na wengine hela nimerudisha. Kuna mteja hadi leo tukikutana Chachani anavuka barabara.

Kwa hiyo ukiniuliza Android ni nini, mie jibu langu halifanani na la hao wa RAM. Android kwa mtu mpya ni vitu viwili: simu, na akaunti ya Google. Simu ni kile kidude ulicholipia. Akaunti ndiko yanakokaa majina, picha, hifadhi ya WhatsApp, ruhusa ya kushusha programu Play Store, na uwezo wa kuitafuta simu ikipotea. Simu ikianguka kwenye bahari ya Mkoani unanunua nyengine, unaingia kwa akaunti yako, majina yanarudi. Akaunti ikiwa si yako, huna kitu, hata simu iwe mpya namna gani.

Haya mengine kwa haraka. Hiyo Android, yaani mfumo unaoendesha simu, ilianzishwa na kampuni ndogo Marekani mwaka 2003, Google wakainunua 2005, simu ya kwanza ya kuuzwa ilikuwa ya HTC mwaka 2008. Zamani matoleo yaliitwa kwa majina ya vitu vitamu, KitKat, Lollipop, Oreo, mpaka 2019 walipotoa Android 10 wakabaki na namba. Kwa nini ya mama haifanani na yako: Google wanatoa kitambaa kimoja, kila kampuni inashona mshono wake. Samsung wana wao, Tecno wana wao, Infinix wana wao. Vitufe vimehamishwa, rangi zimebadilishwa, ndani ni kitu kimoja. Usimtie hofu mama kwa hilo. Mbadilishie lugha iwe Kiswahili, iko kwenye Mipangilio, atasoma mwenyewe "Ondoa" na "Ruhusu" na atajua anabonyeza nini. Nilikataa Kiswahili mwanzo nikaona ni ushamba, ningekiweka ningesoma yale aliyokuwa anayakubali yule kijana.

Ya RAM, antivirusi na memori kadi nawaachia wenzangu hapo juu, mie nimalize hili.

Akaunti ya mama ifunguliwe mama yupo. Si wewe peke yako chumbani, si kijana, si mjukuu anayejua sana. Mama akae pembeni, kitochi chake kiwe mkononi mwake chenye laini yake. Kwenye simu mpya ikiuliza akaunti, kuna mahali pameandikwa fungua akaunti. Unaweka jina lake la kweli. Tarehe ya kuzaliwa ya kweli, usiweke ya kubahatisha: vijana wa dukani wanabonyeza mwaka wowote, na ukiweka umri ulio chini ya miaka 13 Google wanaihesabu akaunti ya mtoto, mama yako anaanza kutakiwa ruhusa ya mzazi wake.

Namba ya simu ya kurejesha akaunti ndiyo penye roho yake. Iwe laini ya mama, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake na alama za vidole vyake, na awe anaitumia. Isiwe laini ya kijana. Isiwe ile laini ya ofa uliyopewa bandarini ukaitupa, maana laini isiyotumika muda mrefu mitandao huifunga na kuiuza kwa mtu mwengine, na huyo mtu mwengine ndiye atakayepokea namba za siri za mama yako. Imeili ya kurejesha iwe yako wewe mtoto. Hapo akisahau, mko wawili wa kumuokoa.

Nenosiri aliseme yeye. Atakwambia "sina la kusema." Muulize kitu anachokijua yeye tu, mwache afikiri, unganisha maneno matatu manne na namba, na liandikwe kwenye karatasi. Najua kuna mtaalamu atakuja hapa chini kusema usiandike nenosiri kwenye karatasi. Huyo mtaalamu hajawahi kumuona mama wa miaka sitini mbele ya simu inayomdai neno alilolisema mara moja mwaka jana. Karatasi itie kwenye sanduku lake la vitenge, kule kunakokaa cheti cha ndoa na dhahabu. Mwizi wa kwenye intaneti hafiki kwenye sanduku la mama yako. Usiliandike kwenye simu yenyewe tu, maana siku utakayolihitaji ndiyo siku simu imefungwa.

Ukiwa na nguvu zaidi, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti (juu ya nenosiri inadai na kitu cha pili), kisha toa misimbo mbadala. Google wanakupa 10, kila mmoja una tarakimu 8, na unatumika mara moja tu. Hiyo nayo iandike, itie sandukuni. Siku laini imepotea na simu imepotea pamoja, hiyo ndiyo itakayokuingiza.

Sasa jambo ambalo nataka ulifanye hata kama hutofanya jengine. Ukimaliza, ingia Mipangilio, Google, simamia akaunti yako, Usalama, tafuta mahali pameandikwa vifaa vyako. Inapaswa kuwa simu moja, ya mama. Ukiona na simu nyengine usiyoijua, itoe hapohapo na ubadilishe nenosiri. Nyote mnaosoma hapa mliofunguliwa dukani, nendeni mkatazame. Nimewaambia wanafunzi wangu watazame, mmoja kakuta kwenye akaunti yake simu tano, hajui hata moja. Tano!

Na ukija kumuuzia mtu simu, au kumpa fundi, au kumrithisha mdogo wako: kwanza hakikisha picha na majina vimepanda, kisha ondoa akaunti kwenye Mipangilio, kisha ndiyo ufute simu, na ufute kwa kupitia Mipangilio, si kwa kubana vitufe. Ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, mwambie aifute mbele yako, uiwashe mwenyewe, upite hatua zote mpaka ufike kwenye uso wa mbele. Ikisimama njiani ikidai akaunti ya zamani, mrudishie simu yake na uondoke, hata apunguze bei namna gani. Usikubali "nitakutumia paswedi kesho."

Kuna mwenzetu hapo juu kaandika kwamba FRP si tatizo, mafundi wanaitoa kwa elfu kumi na tano. Kweli wapo wanaoitoa, na si simu zote zinakubali. Lakini yakhe, fundi atakutolea kufuli ya simu. Picha zilizomo kwenye akaunti ya mtu mwengine hazitoi. Umesoma nilichoandika au umeona neno FRP tu?

WhatsApp nayo usimwachie. Hiyo inakwenda kwa namba ya simu, inatuma msimbo wa tarakimu 6 kwenye laini, na anayekuwa na laini mkononi ndiye anayeingia. Ukimwachia kijana simu na laini ndani hadi jioni umemwachia hiyo, umemwachia na hela za mama kwenye simu, na akibadilisha kitu hutajua. Ifungue nyumbani, dakika chache tu. Weka na PIN ya hatua mbili, iandike kwenye karatasi ileile. Hifadhi ya mazungumzo iende kwenye ile akaunti mpya ya mama, utaichagua mwenyewe ndani ya mipangilio ya WhatsApp. Na mwambie mama: mtu yeyote akimpigia, hata aseme ni mtoto wa jirani, akimwomba namba iliyoingia kwenye meseji, akate simu. Huyo hamfai.

Kumfunza kwenyewe anza na kupokea simu. Usicheke. Hizi za tachi unasukuma, kitochi unabonyeza. Mama yangu mie aliisukuma upande wa kukata wiki nzima, akatununia kwamba hatumpigii. Akishajua kupokea na kupiga, mfunze kupiga picha, atafurahi, na akifurahi hatoiogopa. Ruhusa programu zinazoomba, mwambie asibonyeze kitu akiwa peke yake kwa sasa, akusubiri. Na programu zote zitoke Play Store, asipokee faili la programu kwa WhatsApp kutoka kwa mtu hata awe shemeji.

Kama unaogopa kuifungua akaunti mwenyewe, uko Mkoani na mie niko Chake, njoo dukani kwangu na mama yako na laini yake, bure, nitakaa pembeni tu, vidole viwe vyake. Usije Ijumaa mchana.

Na kama kijana kishaanza kuishughulikia, usimtukane, muombe akuoneshe imeili aliyoiweka. Ikiwa si jina la mama, au ikiwa hataki kukuonesha, ingia Mipangilio mbele yake, ondoa akaunti hiyo, futa simu kutoka humohumo Mipangilio, hakikisha inawaka hadi mwisho bila kukudai kitu, ndiyo uondoke. Fanya hayo ukiwa bado umesimama kwenye kaunta yake, yeye yupo na simu imo wazi. Elfu tano mwachie, usigombane naye kwa hiyo.